Sura ya Tano: Meza Haiogeshwi

Ukiniuliza ni nini kinachomaliza fanicha za mbao katika nyumba zetu, sitaanza na mchwa. Mchwa wana makosa yao na tutawafikia. Meza nyingi zinazorudi kwa fundi kabla ya wakati wake zimemalizwa na usafi: ndoo ya maji, sabuni ya unga, na mkono wenye bidii. Sakafu imeshapigwa deki, povu bado limo ndooni na kitambaa kimeshaloa. Basi kinapitishwa juu ya meza, miguuni mwa viti na kwenye milango ya kabati. Vinang'aa. Baada ya dakika kumi maji ya juu yamekauka, lakini yale yaliyojificha kwenye maungio, chini ya ukingo na kwenye nyayo za miguu bado yapo, na kesho asubuhi yataongezewa mengine. Mwaka wa pili miguu inaanza kuwa myeusi kutoka chini kwenda juu, gundi inaachia, kiti kinalia kila mtu anapokaa. Fundi ndiye anayetupiwa lawama, au dada wa kazi, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba meza na sakafu haviogi maji ya ndoo moja.

Unapofuta meza ya mninga hufuti mninga. Juu ya mti kuna utando aliopaka fundi, mwembamba kuliko ukucha, na huo ndio unaosafishwa, unaokwaruzwa, unaoungua kwa sufuria na unaobabuka kwa dawa. Utando ukiwa mzima, mbao iliyo chini yake haidai kitu kutoka kwako. Wanaouza chupa za kile wanachokiita chakula cha mbao wanauza maneno. Mti uliokwisha kukatwa hauli, na mafuta unayopaka juu ya vanishi nzima hayana pa kupenya. Yanabaki hapo hapo yakikusanya vumbi.

Utando wenyewe ni wa aina kadhaa, na dawa isiyoudhuru mmoja huyeyusha mwingine. Katika karakana moja ya Keko, mtaa wa Dar es Salaam ambao umejaza sebule nyingi za jiji hilo, nilimtazama fundi akipokea meza ya chai iliyofifia. Hakuigusa juu. Aliipindua, akatafuta sehemu ya ukingo ambayo jicho la mgeni halifiki, akachovya pamba kwenye spiriti na kuiweka pale kidogo, kisha akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikanata.

"Mama, hii huwa mnaifutia nini?"

"Dawa ya vioo, fundi. Si inatoa mafuta?"

"Inatoa. Na polishi nayo imeitoa."

Kilichokuwa juu ya meza ile ni shelaki, ute mgumu wa wadudu wadogo wanaofugwa kwenye miti huko India na Thailand. Mafundi huuyeyusha kwa spiriti na kuupaka kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, na spiriti inaweza kuuyeyusha tena hata miaka mingi baadaye. Amonia iliyomo katika dawa nyingi za vioo nayo huula taratibu. Kama spiriti haikufanya kitu, fundi hujaribu thina: utando ukilainika, hiyo ni laka, ile inayopulizwa kwa kompresa katika karakana nyingi za mjini. Ukikataa vyote viwili, basi ni vanishi ya poliurethani, ngumu kuliko zote. Na tone la maji likizama kwenye mbao badala ya kukaa juu yake, meza hiyo ilipakwa mafuta tu, au nta, au haikupakwa kitu. Jaribio hili halichukui hata robo saa na linafanywa chini ya meza, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kununua dawa yoyote kabla ya kulifanya.

Halafu kuna fanicha inayofanana na mbao lakini ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi na kufunikwa karatasi au plastiki yenye picha ya mistari ya mti. Hii ndiyo MDF na ndugu zake, na ndiyo iliyojaa madukani. Maji yakiingia kwenye ukingo wake inavimba, na ikivimba hairudi. Hakuna msasa wala randa itakayoisaidia. Ifute kwa kitambaa kikavu, na usiiache ikanyage sakafu inayodekiwa kila siku bila kuiwekea vipande vya mpira chini ya miguu.

Mbao halisi ina uvumilivu zaidi. Kazi ya kila siku ni ya kitambaa cha pamba iliyochoka, fulana ya zamani au kanga iliyopauka, kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa mpaka kisitoe tone. Brashi ya manyoya inahamisha vumbi kutoka kwenye kabati kulipeleka kwenye televisheni, basi. Na vumbi la kwetu, hasa la mikoa ya kati, lina chembe za mchanga. Ukilisugua kavu kwa nguvu unaipiga meza yako msasa bila kujua. Pitisha kitambaa kwa kufuata mistari ya mbao, kigeuze upande safi, kisha fuatisha kingine kikavu kabisa. Hicho cha pili ndicho watu wanachokisahau.

Penye mafuta ya maandazi, vidole vya watoto au masizi ya jiko la mkaa, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni ya unga hapana. Ni kali kwa utando, na chembe zake zinakwaruza kabla hazijayeyuka. Jiki hapana kabisa. Ndimu na siki zinasifiwa sana siku hizi, lakini ni asidi, na sijaona kazi zinayoifanya juu ya meza ambayo sabuni ilishindwa kuifanya. Mafuta ya nazi au ya kupikia yanaipendezesha meza siku ya wageni. Wiki ya tatu yanaanza kunata na kutoa harufu ya kuchacha, kwa sababu hayakauki. Mafuta ya kitani yana tabia nyingine: yanashika oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, ndiyo maana mafundi huyatumia. Polishi za kopo la kupuliza, nyingi zina silikoni. Mng'ao wake ni wa haraka, lakini siku ukitaka kupaka vanishi upya, inajikunja na kuacha vitundu vitundu kila mahali silikoni ilipokaa, na fundi atakuuliza ulipuliza nini.

Sasa kikombe cha chai. Mgeni amekiweka mezani, ameondoka, na duara jeupe limebaki. Watu wengi hukimbilia msasa. Subiri. Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya utando wenyewe, kwa hiyo mbao haijaguswa. Joto la kikombe lililainisha shelaki au laka, mvuke ukaingia, utando ukapoa ukiwa umeufungia humo. Mara nyingine hupotea wenyewe baada ya siku chache. Usipopotea, tandika kitambaa kikavu cha pamba juu yake, washa pasi kwa moto mdogo kabisa bila mvuke, gusa kwa sekunde chache, inua, tazama, rudia. Unautoa unyevu kwa njia ile ile uliyoingilia. Ukikaza pasi hapo utaunguza utando, basi utakuwa umepata doa jipya kubwa kuliko la kwanza. Asiye na pasi apake mafuta ya mgando, ayaache usiku kucha na kuyafuta asubuhi. Hufaulu kwenye madoa mepesi.

Duara jeusi ni habari nyingine. Hapo maji yamevuka utando yakafika kwenye mbao, na kama palikuwa na chuma, kopo la maua kwa mfano au sufuria yenye kutu, chuma hicho kimekutana na tanini ya mti na kutengeneza weusi kama wa wino. Hakuna kitambaa kitakachoutoa. Ni kazi ya kukwangua utando, kusafisha mbao kwa asidi maalumu na kupaka upya, na hiyo mwachie fundi.

Hapa naomba niseme neno kuhusu vitambaa vya kufuma, vile vyeupe vya uzi ambavyo mama zetu walivitandika juu ya kila kitu, kuanzia redio hadi migongo ya makochi. Vijana wanavicheka. Lakini kitambaa cha kufuma chini ya kikombe au chombo cha maua ni kinga nzuri sana: kinanyonya tone, kinapitisha hewa, kinafuliwa. Kilichokuja kuchukua nafasi yake, kile kitambaa cha plastiki chenye maua au nailoni nzito inayoonesha mbao, kinafanya kinyume chake. Unyevu ukiingia chini hautoki, na kemikali zinazoipa plastiki ulaini wake zinahamia kwenye laka na kuilainisha nayo. Ukija kukibandua baada ya miaka miwili, kinabanduka na ngozi ya meza. Kama watoto ni wadogo na plastiki haikwepeki, tandika shuka ya pamba kwanza, plastiki juu, na uvifunue vyote kila wiki.

Mbao hupumua unyevu wa hewa hata miaka hamsini baada ya mti kukatwa, na hapo ndipo hali ya hewa ya nchi inapoingia sebuleni. Serikali ya Tanzania ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, malori yaliyopandisha watumishi kutoka Dar es Salaam yalipandisha pia vitanda, makabati na meza zilizokuwa zimezoea bahari, kwenda kwenye hewa kavu ya bara. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huiacha mbao ikiwa na maji ya kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 50 huyashusha hadi kama 9. Maji yakitoka, mbao inasinyaa, lakini haisinyai sawasawa: urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, upana ndio unaopungua. Bapa la meza la upana wa mita moja linaweza kupoteza sentimita nzima au zaidi katika safari hiyo. Mninga na mtiki hucheza kidogo kuliko miti mingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei zake. Mbao iliyopasuliwa juzi na kuuzwa mbichi hucheza zaidi ya zote.

Kusinyaa peke yake hakupasui meza. Inapasuka pale fundi alipoifunga kwa skrubu na gundi kwenye fremu isiyosinyaa pamoja nayo, ikakosa pa kwenda. Ndiyo maana unaona ufa unaoanzia kwenye ncha ya ubao na kukimbia na mistari yake. Ukiuona katika kiangazi cha kwanza, usiujaze kwa gundi na unga wa mbao. Mvua zikirudi mbao itataka kupanuka, itakuta umeiwekea kabari, na itapasukia pengine. Legeza skrubu za chini, mwambie fundi ayarefushe matundu yake ili bapa liweze kusogea, na ufa wenyewe uusubirie mwaka mzima uzunguke. Wakaao Tanga, Mombasa au Unguja wanaliona jambo hili kwa upande wake wa pili: droo inayokwama wakati wa masika. Usiipige randa mwezi wa Aprili, maana mwezi wa Septemba itakuwa inapwaya. Sugua mshumaa kwenye reli zake, usubiri.

Kiyoyozi huleta Dodoma ndani ya chumba cha pwani, kwa hiyo usiweke kabati mbele ya pumzi yake. Nyumba zenye kuta za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe, hutoa unyevu ukutani. Sogeza kabati mbele kwa upana wa kiganja, hewa ipite, la sivyo utakuja kukuta ukungu wa kijani mgongoni.

Huo mgongo wa kabati ndio ugomvi wangu mkubwa na mafundi. Geuza meza yoyote uliyonunua barabarani uitazame chini: juu imepakwa mara nne, chini haijapakwa hata mara moja. Kwanza, upande mtupu hupokea na kutoa unyevu haraka kuliko upande uliozibwa, na bapa linajikunja kama gamba. Pili, umemwachia mdudu mlango wazi.

Mdudu huyo ni fukusi wa mbao. Jike hutaga mayai ndani ya vinyweleo vya mbao isiyopakwa, na kinachomvutia ni wanga uliomo kwenye mbao ya nje ya mti, ile nyeupe iliyo karibu na gamba. Kiini cha mninga, kile cha rangi ya kahawia nyekundu, hakigusi. Paini anaiacha pia, kwa sababu haina mirija ya kutagia. Tatizo ni kwamba mteja anapenda rangi moja, na fundi asiyetaka kutupa mbao anaupaka rangi upande mweupe ufanane na kiini. Mtiki uliovunwa ukiwa mdogo una mbao nyeupe nyingi vilevile. Kwa hiyo unaponunua, tazama chini kabla ya kutazama juu. Baada ya miezi kadhaa, au hata zaidi ya mwaka, utaona matundu ya milimita moja au mbili na unga laini kama poda sakafuni.

Ukiona punje ngumu ndogo badala ya poda, mfano wa mchanga, na kila punje ukiitazama kwa karibu ina pande sita, huyo si fukusi. Hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, ambao huishi humo humo ndani ya kiti bila kuhitaji ardhi wala njia ya udongo. Yule mwingine, wa udongo, anakuja kutoka chini ya sakafu na njia yake inaonekana ukutani. Kumwua mezani huku kichuguu kikiwa hai ni kupoteza dawa.

Dawa za kupaka hufika pale tu ambapo mbao haina utando. Kwa hiyo anza chini na nyuma, palipo tupu: dawa ya maji yenye boraksi huingia vizuri kwenye mbao kavu isiyopakwa na hubaki humo. Kwenye matundu tumia bomba la sindano na dawa ya wadudu iliyoandikwa kuwa ya mbao, madirisha yakiwa wazi, watoto wakiwa nje. Ukimaliza, ziba kwa vanishi. Kwa vitu vidogo joto linafanya kazi nzuri kuliko dawa: kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo inataka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, na stuli iliyofungwa ndani ya nailoni nyeusi kwenye jua kali la mchana inaweza kukaribia hapo. Fanicha kubwa yenye maungio ya gundi usiijaribu hivyo. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye nguzo za uzio, isiingie ndani ya nyumba. Haikauki, inanuka na itahamia kwenye nguo. Maji ya moto kutoka kwenye birika ni dawa ya tangu zamani ya kunguni vitandani, na yanawaua kweli wale yanaowafikia, ila yanamwagwa penye gundi hasa. Kitanda cha skrubu kifungue, kianike vipande vipande.

Nina jambo moja kuhusu masanduku ya Kizanzibari, yale yenye njumu za shaba, kwa kuwa nimeona mengi mazuri yakiharibiwa na watu wanaoyapenda. Kosa ni kutaka shaba ing'ae. Mtu anachukua ndimu na majivu, au polishi ya shaba ya dukani, anasugua njumu moja baada ya nyingine. Asidi ya ndimu inachuruzika kwenye mbao na kuacha duara hafifu kuzunguka kila kichwa cha msumari. Polishi inabaki kwenye nakshi kama chokaa nyeupe, na ukiikwangua kwa pini unaikwangua nakshi pamoja nayo. Tumia brashi ya rangi mpya yenye nywele laini kwa vumbi la nakshi, na kitambaa kikavu kwa shaba. Kama lazima ing'ae kwa ajili ya harusi, kata tundu kwenye kadi ngumu, ipachike juu ya njumu, usugue ndani ya tundu hilo tu. Kwangu mimi shaba iliyofifia kwenye sanduku la miaka mingi inapendeza zaidi, lakini najua katika nyumba nyingi nitapigiwa kura ya hapana.

Vyombo vya jikoni, mwiko, kinu, mbuzi ya kukunia nazi na ubao wa kukatia, havina utando na vinaoshwa kama kawaida. Visilale ndani ya maji, na visianikwe juani vikiwa vimelowa chapachapa, maana nje hukauka kabla ya ndani na kinu kinapasuka. Kivulini, vikiwa vimesimama, vinatosha.

Siku ikifika ambapo meza imechoka kweli, hata hivyo usikubali haraka kukwanguliwa yote. Vanishi iliyofifia bila kubanduka inaweza kusuguliwa kidogo kwa msasa laini na kupewa tabaka moja jipya. Laka na shelaki hupokea tabaka jipya la aina yake na kushikana nalo. Bei ya kazi hiyo ni ndogo kuliko ya kukwangua mpaka kwenye mbao, kwa hiyo usishangae fundi asipoitaja. Mwambie apake na chini. Kama unapaka mafuta ya kitani mwenyewe, tambara ulilotumia usilikunje na kulitupa kwenye kona au kwenye pipa: mafuta hayo yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililojikunja linaweza kushika moto lenyewe, bila kiberiti. Lianike limefunguka nje mpaka likauke gumu, au lizamishe kwenye kopo la maji.

Vanishi huwa kavu kwa kidole baada ya saa chache, na hapo ndipo watu wanaporudisha vyombo. Haijakomaa. Poliurethani inahitaji wiki tatu hadi nne kufikia ugumu wake, na katika muda huo sahani nzito itaacha alama na plastiki itaganda. Kuleni mezani kwa uangalifu baada ya wiki ya kwanza mkitaka. Kitambaa cha meza kisubiri mwezi ujao.